Mmarekani Asiyejua Kusalimia

Wiki hii simu yangu imejaa kifo cha yule mwandishi Mmarekani, mchokozi aliyetukana serikali yake, kanisa lake, hata wasomaji wake. Vijana wa hapa Arua wananitumia maneno yake mstari mmoja mmoja, kama pilipili bila mboga. Jamani, mimi alinichosha tangu utotoni, tena kwa kitabu kizima!

Mwalimu wetu wa shule pale Ediofe aliniazima kitabu cha insha za mwandishi huyo wakati wa likizo, nizimalize kabla shule haijafunguliwa. Nikaenda nacho Koboko kwa bibi, ambaye hakupenda kuona mtu amekaa bure. Asubuhi tulipepeta ufuta. Jua likipanda, karanga zikinukia kikaangoni, nilimsomea nikitafsiri kwa Kiswahili chetu. Sentensi ya kwanza ilikuwa tusi. Bibi akaweka ungo chini.

“Huyu mutu naingia nyumba ya watu bila salamu? Rudi nyuma. Anza tena.”

Ungefanyaje, rafiki yangu? Nikabuni salamu. Kila siku mbishi yule aliulizia afya ya bibi, mbuzi na mihogo, na bibi akamjibu kwa kirefu. Kurasa hazisogei! Nilikaribia kulia kwa hasira.

Tukafikia insha ya vita. Aliandika kwamba askari hufa bure huku wakubwa wakila. Babu alikuwa askari, na hakurudi. Mimi, kwa haraka ya kumaliza, nikasoma moja kwa moja bila salamu yoyote. Bibi aliacha kuzikoroga karanga mpaka zikaungua.

“Iko sema kweli,” alisema. “Lakini kweli kama hii, mutu naketi kwanza. Naomba maji. Halafu nasema.”

Akakifunga kitabu, na hakutaka tena kukisikia. Nilikirudisha nimesoma nusu tu, mwalimu akanigombeza mbele ya darasa.

Bibi amekwisha kufariki, na uani kwake sasa wanakaa wapangaji ambao hata jina lake hawalijui. Juzi nilikipata kitabu kile, nikakisoma chote bila mtu wa kunikatiza. Ukurasa unaofuata pale alipokifunga bibi, mwandishi anasimulia habari za kaka yake aliyeuawa vitani, na mama yao aliyeendelea kumpakulia chakula kila jioni.

Nilimkasirikia mwandishi yule, marehemu au si marehemu. Mtu mzima, maneno yote yale, kwa nini hakuanza na mama yake? Bibi angemkaribisha mbishi yule, na wangelia wote wawili.