Mafunzo ya Hiari ya Jumamosi

"Shoga, hiari gani hiyo ambayo ukiikataa unanyimwa zamu?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo tukianika nguo uani. Nikacheka tu. Jibu nilikuwa nalo, nikalimeza.

Mimi ni mjane. Yeye na mimi tulikuwa tunafanya kazi kiwanda kimoja cha kufua shuka za hoteli, tukilipwa kwa saa.

Mashine mpya ya kupiga pasi ilipokuja, meneja akatangaza mafunzo kila Jumamosi.

"Ni hiari, jamani. Simlazimishi mtu. Kwa hiyo malipo hakuna."

Tukasainishwa karatasi kwamba tumekuja kwa mapenzi yetu.

Jumamosi ya kwanza tulijifunza. Ya pili, hola. Tulipiga pasi shuka zenye nembo ya hoteli mpaka gari likaja kuzichukua. Niliona. Macho yangu hayalali.

Jirani akagoma kuja. Wiki iliyofuata zamu zake tano zikawa mbili.

Mimi je? Meneja alininong'oneza, "Mama Sala, nakuona kwenye usimamizi." Nikafyata ulimi.

Siku moja akaja mkaguzi wa kazi. Nikaitwa ofisini. Meneja yupo, jirani yangu yupo.

"Mama, Jumamosi mlikuwa mnapiga pasi nini?"

Asubuhi ile nilisali kwa machozi. Kwa mdomo huohuo nikasema, "Vitambaa vya mazoezi tu, mwanangu. Na ni hiari."

"Asiyekuja hapunguziwi zamu?"

"Hata."

Mkaguzi akafunga faili. "Basi. Huyu dada ndiye aliyelalamika. Nilimtaka alete mashahidi watatu. Akasema mmoja anatosha: 'Muulizeni Mama Sala. Yule hata umwekee kisu shingoni, hasemi uongo.'"

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Usimamizi nilipewa, sifichi. Wenzangu bado wanapiga pasi bure Jumamosi, na mimi ndiye ninayewasainisha. Nikipiga magoti siku hizi, maneno hayaji.

Ninyi mnaolipwa kwa saa, mkiambiwa jambo ni hiari, karatasi isiwatoshe. Mtazameni aliyekataa amefanywa nini. Na mkiulizwa, semeni, hata kama cheo kinawasubiri mlangoni.

Jirani yangu, siku ile pale ofisini, alivua aproni. Akaikunja taratibu, akaiweka mapajani mwangu.

"Shoga, nisikilize kwanza..." nikamwambia.

Akatoka.