Mikebe ya Paka wa Memsahib

Siku memsahib anaondoka kwenda kushika treni Lumbwa, gari lilikuwa linanguruma nje na bwana anapiga honi, lakini yeye alinivuta mpaka stoo. Akafungua mlango, akanionyesha rafu. Mikebe mitupu imepangwa. Kwa kusema mitupu sisemi haikuwa na kitu ndani, nasema hakukuwa na kitu kingine ila mikebe.

“Boi,” akasema, “paka hii tumbo mbaya. Daktari nasema panya hapana. Nyama ya bucha hapana. Sasa kula mkebe tu. Mimi hapana jua mkebe gani nakubali tumbo yake. Wewe jaribu. Ile nakubali, mimi nunua mingi. Na maziwa kila siku. Sikia?”

“Ndio, memsahib.”

“Mimi rudi, paka gonjwa, wewe toka nyumba, kwenda palilia chai.”

Hapo ndio nilisikia vizuri.

Wewe msomaji kama hujawahi kupalilia chai Kericho, ngoja nikuambie. Asubuhi jua linakuchekea. Ukishamaliza chakula cha mchana mawingu yanakuja kutoka msituni, halafu mvua ya mawe inakupiga kichwani kama mwalimu aliyekosana na bibi yake. Na nyapara hakuambii ukimbie. Mimi nilikuwa boi wa ndani. Nilikuwa napaka sakafu nta, nawasha moto, na mvua ya mawe naiangalia kwa dirisha. Miguu yangu ilikuwa mikavu na nilitaka ikae hivyo.

Kwa hiyo afya ya yule paka ilikuwa afya yangu.

Paka mwenyewe alikuwa wa rangi ya chai iliyowekwa maziwa, mzee, mnene wa kichwa na mwembamba wa nyuma, na alikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hata yeye akiitwa haitiki. Wakati huo alikuwa anaharisha. Alikuwa anaharisha kwa heshima, nje kwenye maua, lakini siku mbaya hafiki kwenye maua.

Nikamwita mpishi tusaidiane. Mpishi alikuwa Mjaluo, mtu mkubwa wa miaka na wa tumbo, Mkatoliki wa kweli, na vita ya Mjerumani alibeba mizigo mpaka Tanganyika akarudi na miguu yote miwili, jambo ambalo alikuwa anatukumbusha kila wiki.

Tukasimama mbele ya rafu.

“Wewe umesoma,” akaniambia. “Soma.”

Nilikuwa nimesoma kwa misheni mpaka darasa la pili, na nilikuwa najua herufi zote. Nikazisoma zote, moja moja, kwa sauti. Tulipomaliza mkebe wa kwanza mpishi akauliza, “Sasa imesema nini?” Nikamwambia, “Imesema hizo herufi.”

“Omera, ndugu yangu, hiyo kusoma yako ni ya kasuku.”

Basi tukaenda kwa picha. Kulikuwa na mkebe wenye ng'ombe, mkebe wenye samaki mmoja mkubwa, na mkebe bapa wenye samaki wadogo. Kulikuwa pia na mmoja ambao mpishi alisema ndani yake kuna ulimi wa ng'ombe, peke yake. Nilikataa kuamini. Nikautikisa karibu na sikio. Ulikuwa umenyamaza.

“Tuanze na ng'ombe,” nikasema. “Ng'ombe haijawahi kudhuru mtu.”

Mpishi akacheka mpaka akashika mlango. “Hiyo nyama ya mkebe ndio tulikula vitani! Unaijua wewe? Ina chumvi, inakausha mate, unaota mito. Mimi niliona wanaume wanaitupa porini na fisi anaizunguka. Mpe samaki. Paka ni mtu wa samaki.”

“Paka ni mtu wa samaki nani alisema? Alivua wapi?”

“Kwetu ziwani anangoja mashua.”

“Huyu si wa kwenu. Huyu ni wa Kericho. Hapa hata mimi sijawahi kula hiyo nyoka yenu ya maji.”

“Nyoka!” Mpishi akafungua ule mkebe bapa na kaufunguo kake, akanisogezea puani. Samaki wadogo wamelala kwenye mafuta, ubavu kwa ubavu, kama vibarua kambini. Hawana vichwa.

“Vichwa viko wapi?” nikauliza.

“Vimekatwa.”

“Vimekatwa ili tusijue ni nyoka.”

Tulianza na ng'ombe kwa sababu mimi ndio nilikuwa nitafukuzwa, si yeye.

Sasa kuna habari ya maziwa. Ng'ombe wa memsahib, yule mkubwa wa Kizungu, alikuwa amekauka, anangoja kuzaa. Kwa hiyo maziwa ya paka nilikuwa nayatoa kwetu, kwa mama yangu, kule chini ukingoni mwa shamba ambako tuliruhusiwa kukaa na ng'ombe wetu. Mama aliniuliza ni ya nani, nikasema ya paka wa memsahib. Akasema Wazungu wana mambo, akamimina. Hakuuliza paka anakula nini. Nani anauliza paka amekula nini?

Asubuhi nampa nyama ya mkebe, anakula. Namwekea maziwa kwenye sahani, anakunywa, anajilamba, ananiangalia kama mtu aliyelipwa. Mchana anaharisha.

“Nilikwambia,” akasema mpishi.

Tukahamia samaki wadogo. Samaki, maziwa, kujilamba. Jioni nakuta ameharibu kiti cha bwana.

“Ni mafuta,” mpishi akasema haraka. “Si samaki. Tujaribu ule mkubwa, mwekundu. Huo hauna mafuta.”

Samaki mkubwa, maziwa, kujilamba. Safari hii alitapika kwenye sakafu niliyokuwa nimeipaka nta. Tukajaribu ulimi. Nikashika ule ulimi na kijiko nikauambia usimseme mtu vibaya. Matokeo yakawa yale yale.

Nikaanza kuchanganyikiwa kabisa. Nikamnyima mikebe siku moja, nikamwachia maziwa tu, nikifikiri tumbo lipumzike. Ndio ikawa mbaya zaidi. Mpishi alisema hiyo ni njaa ndio inamharisha. Mimi sijawahi kuona njaa inaharisha kitu, lakini nilikuwa nimefika mahali pa kukubali lolote. Paka alikonda mpaka mgongo ukawa kama matuta ya viazi. Mimi nikaanza kuangalia majembe ya wapaliliaji yakipita asubuhi, nikichagua kwa macho lenye mpini laini.

Halafu mama akaja.

Mama hakuwa mtu wa kuja nyumba ya Wazungu. Nilimwona anapanda kilima na kibuyu mkononi, lakini anakibeba vile mtu anabeba fimbo. Akasimama mlango wa jikoni, hakuingia.

“Weri,” akasema, yaani kijana kwa Kikipsigis chetu, “titi la ng'ombe limevimba. Upande mmoja. Leo nimekamua, ametoa damu. Nani amekunywa maziwa yangu na nyama?”

Kwetu hakuna mtoto asiyejua hilo. Ukila nyama, maziwa huyagusi mpaka nyama iishe tumboni. Ukichanganya, anayeumia si wewe, ni ng'ombe aliyekupa. Mimi nilikuwa nalijua tangu nilipoota meno, na sikuwa nimechanganya. Nikafikiri mpishi. Nikamgeukia.

“Usiniangalie mimi,” mpishi akasema. “Mimi nakunywa chai ya rangi, daktari alinikataza.”

Wakati huo huo paka akapita katikati yetu, midomo yake ina vipande vya nyama ya mkebe, akaenda moja kwa moja kwa mama na kuanza kujisugua kwenye kibuyu.

Mama akamwangalia. Akaniangalia mimi. Nikaona hapo ndio ameelewa, na hapo ndio mimi nimeelewa, na singeweza kukimbia kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni.

“Anakula nini huyu?”

“Ni nyama ya mkebe tu, mama. Si nyama nyama.”

“Ilitoka kwa nini? Kwa mkebe? Mkebe ulizaa?”

“Kwa ng'ombe.”

“Basi.”

“Lakini siku nyingine anakula samaki,” nikajitetea.

“Samaki ni nini?”

“Ni kitu ya maji.”

“Ana damu?”

“Alikuwa nayo.”

“Basi ni nyama.”

Mpishi hakuweza kunyamaza. “Mama, samahani. Samaki si nyama. Hata padre Ijumaa anakula samaki na nyama hali.”

Mama alimjibu kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni aliyekaa kiti kisicho chake. “Huyo padre ana ng'ombe?”

“Hana.”

“Ndio maana.”

Halafu akaniambia mimi, “Mwambie huyo paka achague. Nyama au maziwa. Yangu hapati tena mpaka aamue.” Akageuka na kibuyu chake akashuka kilima, paka akamfuata mpaka kwenye ua analia.

Mpishi alicheka siku nzima. “Paka amewekewa sheria ya Kipsigis! Sasa atatahiriwa lini?” Lakini mimi sikucheka. Memsahib alisema maziwa kila siku. Mama amesema hapana. Memsahib anaweza kunipeleka kwenye chai, lakini mama ni mama. Na kwa memsahib kuna mlango wa nyuma, kwa mama hakuna. Nikaweka maji kwenye ile sahani, nikamwambia paka, “Mimi na wewe tuko kwenye shida moja, kunywa.”

Alikataa. Alinigeuzia mgongo. Alikaa juu ya dirisha akiangalia njia ya kwa mama kama mtu anayengoja mposaji. Mwishowe kiu ikamshinda.

Na hapo ndio mambo yalipoharibika kichwani mwangu, kwa sababu paka akaanza kupona.

Kwanza akakaa siku nzima bila kwenda kwenye maua mbio. Halafu manyoya yakalala vizuri. Halafu nikamkuta anacheza na kamba ya pazia, mzee kama yule. Tulikuwa tunampa mikebe vile vile, leo ng'ombe, kesho samaki, kulingana na nani kati yangu na mpishi ameamka mapema. Mpishi akasema ni samaki amemponya. Mimi nikasema ni nyama. Nilipoenda nyumbani mama akanionyesha titi la ng'ombe, limeshuka, limelainika, maziwa yamerudi meupe. Alinipa tu kikombe, halafu akauliza, “Umekula nyama leo?”

“Hapana, mama.”

“Kunywa.”

Nikanywa huku nikiwaza. Kama ni mkebe umemponya paka, ng'ombe amepona na nini? Na kama ng'ombe amepona kwa sababu paka ameacha maziwa, paka naye amepona na nini? Na memsahib akirudi ataniuliza mkebe gani. Nitamwambia mkebe gani?

Akarudi mvua ikinyesha, gari limejaa matope mpaka kwenye vioo. Hata kofia hakuvua. Paka akaja, mnene, anang'aa, mkia juu. Memsahib akamnyanyua akapiga kelele za furaha. Bwana akasema kitu kwa Kizungu, nafikiri kuhusu kiti chake.

“Boi! Mzuri sana! Mkebe gani?”

“Samaki!” akasema mpishi.

“Ng'ombe!” nikasema mimi, wakati mmoja.

Memsahib akacheka. Akaenda kwenye kikapu chake cha safari, akatoa mkebe wa maziwa kutoka Nairobi, akautoboa, akamimina kwenye sahani ya paka. Zawadi.

Mguu wangu ulikwenda wenyewe. Nikasimama mbele ya sahani. “Memsahib, leo hapana. Leo amekula samaki.”

“Nini?”

“Amekula samaki. Maziwa atachanganya. Mbaya kwa…” Nikakwama. Nilitaka kusema kwa ng'ombe, lakini maziwa yenyewe yametoka kwenye mkebe. Ng'ombe wake yuko wapi? Uingereza? Titi litavimba kule ng'ambo ya bahari? “Mbaya kwa tumbo,” nikamaliza.

“Paka yote nakunywa maziwa,” akasema, akanisukuma kando na mkono, na paka akanywa, akamaliza, akajilamba. Mpishi alikuwa anaangalia juu darini.

Asubuhi nilisikia kelele kutoka chumbani. Kofia ya safari, ile yenye manyoya ya ndege, ilikuwa imeachwa juu ya kitanda. Paka hakufika kwenye maua.

Niliitwa. Nilikwenda na koti langu la mvua begani, nimeshaaga jikoni. Memsahib alikuwa amekaa mezani, nyama ya nguruwe kwenye sahani, macho mekundu.

“Boi,” akasema, “mimi nimefikiri sana.”

“Ndio, memsahib.”

“Hii si mkebe. Hii maziwa. Tangu leo paka maziwa hapana. Kabisa! Mkebe na maji. Wewe ndio angalia hii kila siku. Mtu akipa paka maziwa, wewe sema mimi. Sikia?”

“Nimesikia, memsahib.”

“Weka koti. Leta chai.”

Nikaweka koti kwenye msumari wake. Nilipomwambia mama jioni kwamba memsahib amekataza paka kuchanganya, mama alisema, “Vizuri. Na yeye mwenyewe?”

Hilo swali ndio bado ninalo. Kwa sababu ile asubuhi nilileta chai, na maziwa kwenye jagi, maana ng'ombe wake mkubwa alikuwa ameshazaa walipokuwa safarini. Memsahib akakata nyama, akaweka mdomoni, akamimina maziwa kwenye chai, akanywa. Nikageuka haraka kuangalia kwa dirisha. Ng'ombe alikuwa amesimama kwenye majani, titi limejaa, halijavimba upande wowote, anatafuna na kuniangalia. Na paka alikuwa kwenye dirisha, anaangalia jagi.