Jina Lililobadilishwa Kutoka Nje

Mimi si mtu wa kutunga hadithi. Andika hivyo kwanza, Apiyo, kabla ya lolote jingine. Haya yalitukia mchana kweupe, nyumbani kwetu Kisugu, mvua ikinyesha. Asiyetaka kuamini, asiamini.

Apiyo, mjukuu wangu anayeniita Dani, yaani bibi, huandika programu za kompyuta. Siku hiyo alikuwa akiutengenezea ukoo wetu ukurasa wa majina. Mimi nataja, yeye anaandika. Kitoto chake kichanga kilikuwa kikilia tangu alfajiri. Kwetu Wajaluo, mtoto akilia hivyo, wazee husema yupo marehemu anayedai aitwe jina lake. Nilimjua anayedai: Adoyo, mama mkwe wangu, aliyenifukuza bomani mwake mvuani nikiwa na mtoto mchanga kifuani, na mtoto huyo akanifia njiani. Je, jina la mtu huyo nimpe kitukuu changu? Nikasema, "Andika Anyango."

Akaandika. Mara kompyuta ikauliza: faili hili limebadilishwa kutoka nje, ubaki na lako, au uchukue la nje?

"Dani, nani mwingine analigusa?" Apiyo akashangaa. "Hata intaneti imekatika."

Akayafungua yote mawili ubavu kwa ubavu, akanisomea. Letu: Anyango. La nje: Adoyo.

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Akaingia mwanamke mzee, akaomba kujikinga mvua. Niamini: gauni lake lilikuwa kavu kabisa. Na mtoto alinyamaza papo hapo.

"Mke wa Odhiambo," akaniambia, akiketi bila kukaribishwa, "mbona mnamtesa mtoto? Jina lake analijua."

Hapa Kisugu wote huniita Jjajja tu, yaani bibi kwa lugha ya hapa. Ni nani angelijua jina la marehemu mume wangu? Nikamtazama vizuri usoni, nikamtambua.

Apiyo akaninong'oneza. "Dani, naweza kuyaunganisha. Anyango Adoyo. Kila mmoja apate lake."

"Hapati hata herufi."

"Lakini nikibonyeza letu, la kwake linafutika kabisa."

"Ndiyo maana nakuambia bonyeza."

Mgeni akacheka. "Hata herufi moja huijui, leo unaamrisha mashine?"

"Kusoma sijui. Kukataa najua. Ulinifukuza kwako, hapa ni kwangu. Toka!"

Apiyo akabonyeza. Mtoto akapiga ukelele, sote tukamgeukia, na tulipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu. Komeo la mlango lilikuwa bado limefungwa kwa ndani.

Anyango alilia mpaka sauti ikamkauka. Sasa anatembea, anaongea, na sauti yake bado inakwaruza kama ya ajuza. Na kila Apiyo alifunguapo faili lile, swali ni lile lile, nalo jibu ni lile lile.

Nawe unayesoma, kompyuta ikikuarifu kwamba mkono mwingine umepita katika maandishi yako, usibonyeze tu ili usumbufu uishe. Linganisha pande zote mbili. Mjue unayemfuta, na umjue unayemfungulia mlango. Wala usikubali kuunganisha kwa sababu ya woga.

Mimi ni mzee. Si muda mrefu nitamfuata Adoyo huko aliko. Vema. Tutabishana huko huko, ana kwa ana. Lakini mtoto ni Anyango.