Marinda ya Blanketi la Baba

Leo nimefumua sketi niliyoivaa, mbele ya ukoo mzima. (Ndani nilikuwa na kanga, msihangaike.)

Baba aliendesha kombaini kwenye shamba la ngano la serikali. Mskoti mmoja aliyefanya naye kazi alimwachia kitambaa kirefu cha sufu, cha miraba. Baba akakifanya blanketi.

Alipofariki, kaka alichukua shamba na ng'ombe.
Mimi nikatupiwa blanketi.

Nimelishona kilti, sketi ya marinda ya huko kwa Mskoti. Wiki mbili nakunja na kukunjua: nifuate miraba ilivyo, au kila rinda lionyeshe mstari mwekundu?
Nikachagua mwekundu.

Leo ukoo umekutana hapa kijijini Hirbadaw, na wote wameisifia. Na huu mdomo wangu! Nikasema, "Kwao huvaliwa na wanaume."

Kaka akaweka kikombe chini.
"Kumbe ni nguo ya kiume? Basi ni yangu. Vua."

Nikamgeukia baba mdogo. "Baba mdogo, umesikia?"
"Mpe kaka yako, mwanangu. Ndiyo mila."

Niambieni nyie, mila inajua kushona?

Nikakata uzi wa kiunoni, nikauvuta. Marinda yakaachia moja moja.

"Haya kaka, shika blanketi la baba. Marinda yalikuwa yangu."