Dhoruba ya Waholanzi haitoki ukutani kwangu

Leo nimerudi kutoka sokoni nikakuta picha yangu ya sebuleni imegeuzwa, inatazama ukuta!

Ile kubwa niliyoitundika juzi. Nakala ya mchoro wa zamani wa Waholanzi: meli tatu, mawimbi, wingu jeusi. Naipenda mno.

Aliyeigeuza ni shangazi yake mume wangu, mgeni wetu kutoka Majimoto.

"Mumeo yuko ziwani huko Karema, na wewe unamtundikia dhoruba ndani? Unamwitia nini?"

Jamani.

Nikaigeuza tena, mbele yake.

"Samahani Shangazi. Kwako sebuleni kuna zulia la simba ukutani. Miaka yote hiyo, ameshamla nani?"

Akarudi kukaa kwenye kochi.

Nikajua yameisha. Kumbe nilivyoingia jikoni, huku nyuma kashampigia simu mume wangu!

Naye huyo akanipigia: "Mama Neema, itoe tu hiyo picha, yaishe."

Nyie mngeitoa?

Mimi nimemjibu: "Siitoi. Ukitaka itoke, rudi salama, upande kwenye kiti, uitoe mwenyewe."