Bati Langu Lililoelea Bahi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi tena duniani. Nilianza kwa kusukuma toroli la simenti, leo nina duka la vifaa vya ujenzi pale Ihumwa na fuso mbili, na shule yenyewe niliishia darasa la saba, tena kwa mbinde. Nimeona mashamba ya uwele yakiota ghorofa. Kwa hiyo mwanangu Baraka aliponionyesha kwenye simu mtu kakaa peke yake ndani ya kiboti chembamba cha plastiki, anavua samaki kwenye ghuba ya bahari huko ng'ambo, akasema, "Baba, huu ndio uvuvi wa kisasa," nilicheka mpaka nikakohoa. Kisasa kitu gani? Mimi hicho chombo nilikuwa nacho utotoni, kijijini kwetu Bahi, tena cha bati!

Wenzangu mliokulia kule mtanielewa. Enzi zetu mvua ikikubali, mbuga yote ile ya vumbi na ng'ombe ilijaa maji mpaka huoni mwisho wake. Usiulize samaki walitoka wapi. Wazee walisema kambare hulala kwenye tope, anasubiri mvua kama mkulima. Vyura walipiga kelele mpaka mwalimu anaacha kufundisha. Jioni kila nyumba inanuka moshi wa samaki. Ugali wa uwele, mlenda, na kichwa cha kambare pembeni: hapo hata mwenyekiti wa kijiji akikuita, huitiki.

Wengi walivua wakiwa wamesimama ukingoni. Mimi nikajiongeza. Samaki wakubwa wako katikati, kwenye matete, utawafuata na nini? Upepo ulikuwa umeng'oa bati la choo cha shule, mwalimu mkuu akasema halifai tena, nikaliomba. Nikaligonga mpaka likanyooka, nikalikunja kama mwiko wa kupakulia, ncha zote mbili nikazibana kwa mbao na misumari. Matundu nikayaziba kwa plastiki ya ndoo mbovu niliyoiyeyusha motoni. Chombo cha mtu mmoja. Ukipiga chafya umezama. Kasia sikuwa nalo, nilivaa kandambili za baba mikononi nikapiga nazo maji. Chambo changu kilikuwa kipande cha sabuni ya mche, maana kambare anaipenda sabuni kuliko tulivyoipenda sisi. Mama alikuwa akisema, "Yaani samaki wa Bahi wanaoga kukushinda wewe!"

Vijana wa leo wanataka jaketi la kuelea, mafuta ya jua, na mashine ya kuwaambia samaki yuko wapi. Sisi mashine yetu ilikuwa korongo. Akisimama mguu mmoja anachungulia maji, nenda hapo hapo.

Sasa kulikuwa na binti mmoja, Kabula, Msukuma, baba yake alihamia Bahi kulima mpunga. Mimi Mgogo, na Mgogo na Msukuma ni watani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Anakamata kitu chako na huruhusiwi kumshitaki. Unakikomboa kwa anachotaka, mnacheka, yameisha. Basi kila nikipita na chombo changu, Kabula anapaza sauti kutoka kwenye majaruba yao ya mpunga:

"We Ndahani, Mgogo ombaomba! Rudi nchi kavu! Maji hayaombwi kama sadaka!"

"Nyamaza, mla michembe! Katafune viazi vyako vikavu!"

Siku moja kambare mrefu kama mguu wangu akameza sabuni. Akavuta, nikavuta, chombo kikalala ubavu. Sikuanguka, nilishuka ghafla tu. Maji kifuani, tope magotini, samaki nimemkumbatia kama mtoto mchanga. Ila upepo ukalichukua bati mpaka kwenye jaruba la Kabula. Nilipofika, binti keshakaa juu yake, kakunja nne.

"Mtani, chombo nimekiteka. Nipe huyo kambare ukikomboe."

Jaruba zima likacheka. Sasa mimi, bingwa wa mbuga ile, nimpe mtu samaki mkubwa kuliko wote wa mwaka ule? "Bora uolewe na hilo bati!" nikamwambia, nikaenda zangu.

Nyumbani mama alinigeukia na mwiko mkononi. "Mtani akikamata chako mpe chake, mwanangu. Deni la utani halizeeki."

Sikumsikia. Nilijua nitaunda kingine. Bati lingine halikupatikana, mwaka uliofuata mbuga ikakauka, na mimi nikaja mjini kwenye toroli langu.

Hayo yote nimewasimulia wanangu miaka nenda rudi. Lakini siku ile ya simu Baraka akaniuliza, "Baba, bati ni chuma, linaeleaje? Picha yake iko wapi?" Mdogo wake akadakia, "Hizo ni stori za baba." Jamani! Nyumba nimeijenga mimi, halafu ndani yake naonekana mwongo? Mwaka huu mvua ilikuwa nzuri. Jumamosi nikawapakia kwenye gari, tukaenda Bahi.

Mbuga imejaa, kama zamani. Na kwa Kabula, ambaye sasa ni bibi mwenye mashine ya kukoboa mpunga, juu ya banda la kuku nikaliona bati langu. Mkunjo uko pale pale. Plastiki ya ndoo bado imeshika. Amekuwa akilipaka lami kila masika, kuku wasinyeshewe.

"Shikamoo, bibi," wanangu wakasema.

"Marahaba. Nyie ndio watoto wa yule mchoyo wa kambare?"

Nikamwambia aniuzie. "Siuzi, hilo ni mateka, linakombolewa." Nikampa kambare niliyemnunua njiani. Akamkodolea macho. "Huyu mmoja? Yule wangu sasa hivi angekuwa na vitukuu! Lipa na uzao wake. Na kuku wangu walale wapi?" Nikataka kumletea mabati mapya. "Mabati yako mapya yanaelea?" Baraka akacheka mpaka akakaa chini.

Basi Kabula akaniruhusu kulishusha bandani na kulijaribu kwanza. Nikavua viatu, nikavaa kandambili mikononi. Kitambi kilitangulia kukaa, mimi nikafuata. Likayumba, likavuja kidogo, likaelea! Nikapiga maji mpaka kwenye matete, na niliporudi Baraka alikuwa ameingia majini na suruali yake ya bei mbaya, anapiga kelele, "Baba, zamu yangu!"

Nikamwangalia akizunguka. Watoto wetu wana kila kitu, ila hawana mtani. Siku hizi jirani akigusa ndoo yako unampiga picha unamtuma kwenye grupu la mtaa. Kuta ndefu, geti la umeme, nani atakuteka chombo mcheke? Sisi tulikuwa hatuna kitu, na hicho hicho kikikamatwa, kijiji kizima kinacheka pamoja na wewe.

Bati jipya dukani kwangu nauza elfu thelathini na mbili. Hili la kutu, ukijumlisha kambare na vitukuu vyake niliomlipa Kabula, na banda jipya la kuku nililomjengea, nimelikomboa kwa shilingi laki tatu, themanini na sita elfu na mia tano.