Kigae cha Tatu

Nuru alikuwa na ugonjwa ambao hata hospitali kubwa ya mtaa wa Jette, jijini Brussels, alikokuwa akihudumia wazee, isingeutibu: kuuliza. Alipoamua kuongeza chumba nyuma ya nyumba kwa ajili ya mama yake, alimuuliza muuza vifaa, akamuuliza jirani, akamuuliza hata mgonjwa mmoja aliyewahi kuwa fundi: chini ya tabaka la saruji la sakafu watu huweka nini, baridi isipande?

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Kule Buyenzi, Bujumbura, mama yake alikuwa akisali chini tangu utoto. Hapa Brussels magoti yaliikataa baridi ya sakafu, akawa anasali juu ya kiti cha plastiki, na akishatoa salamu hukitazama kiti kile kama mtu aliyemsengenya. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Nuru zaidi. Alitaka kabla ya baridi ijayo mama aweze kushusha paji la uso chini tena.

Fundi wao Donat, Mkongo wa Bukavu ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko nyundo, alikuwa na jibu tayari.

"Maman Nuru, bon, tutie frigolite, cinq centimètres. Inaenea mu shimo tulichimba, vile iko." Akainua ubao mweupe mwepesi wa chengachenga, kama ule unaozunguka televisheni mpya ndani ya boksi.

"Na ule mnene wa manjano?"

"Ule ni dix, mara mbili ya huu. Uko muzuri, sikatai. Lakini sakafu itapanda, utapata ngazi pa mulango. Ao tuchimbe tena, na udongo yote ipite mu couloir, katikati ya nyumba, ndoo kwa ndoo. Na mugongo yangu ni moja!"

Ngazi Nuru hakutaka hata kuisikia. Alikwisha kuwaosha wazee wengi waliovunjika nyonga kwa kizingiti kifupi kuliko kidole. Basi ni mweupe bila kuchimba, au wa manjano na kuchimba. Akaweka kiganja juu ya mweupe: joto. Juu ya wa manjano: joto vilevile. Akachanganyikiwa, mpaka alipokumbuka kwamba mama hatasali juu ya ubao. Atasali juu ya kigae.

Akatandaza vigae vitatu katika kile chumba ambacho hakijakamilika: kimoja juu ya udongo mtupu, kimoja juu ya ubao mweupe, kimoja juu ya ule wa manjano. Akafunga madirisha, akawasha hita siku mbili nzima. Siku ya tatu, Donat akiwepo, akamwita mama.

"Kanyaga, mama, uniambie."

"Muguu iko na soksi, mwanangu. Itakudanganya."

Mama akashika bega la bintiye, akapiga magoti juu ya blanketi lililokunjwa, akaweka paji kwenye kigae cha kwanza. Akainuka upesi. "Hii ni kaburi," alisema. Kwenye cha pili alikaa kidogo. Kwenye cha tatu alikawia, na Nuru, kwa mazoea ya kazini, akajikuta anahesabu pumzi zake. Donat alivua kofia bila kuambiwa.

Mwishowe mama akaketi, akajipangusa. "Ya pili na ya tatu ni sawa tu. Tieni ile nyeupe."

"Umeona!" Donat alishangilia. "Koko, bibi yetu, ametuponesha migongo!"

Lakini ugonjwa wa Nuru haukulala. "Mama, kwenye cha pili umepumua mara mbili. Kwenye cha tatu, mara kumi na moja. Kwa nini?"

Mama akatazama mikono yake. "We mutoto unauliza sana." Kisha, polepole: "Nilisikia huyu muntu analia mugongo. Watu wabebe udongo yote ile, sababu ya paji yangu mimi?"

Nuru alitaka kumgombeza, akaghairi. Akaokota sepetu, akasogeza kigae cha kwanza, akaanza kuchimba pale pale. Donat alimwangalia, akaguna, akavaa kofia. "Alors, lete ndoo," alisema.

Ndoo ya kwanza Nuru aliibeba mwenyewe, akapita nayo ukumbini hadi barabarani. Aliporudi alimkuta mama angali kwenye kona yake, paji juu ya kigae cha tatu. Safari hii hakuhesabu.